Siku ya Kujikinga na Jua katika Nchi ya Utosini

Sitamchosha msomaji kwa habari za njia. Itoshe kusema nilifika Utosini wakati kiangazi kimekwisha kukolea, na kitu cha kwanza nilichokitafuta, kama atakavyofanya mtu yeyote mwenye akili zake, ni kivuli. Sikukipata. Nchi nzima haikuwa na mti. Visiki vilikuwepo, tena vingi, vimepakwa chokaa na kupangana vizuri kandokando ya barabara, na watu walikuwa wakipita katikati yake na mizigo vichwani, jua likiwachoma, wala sikumsikia hata mmoja akilalamika. Nilidhani ni uvumilivu. Nilikaa nao muda wa kutosha kujua kuwa ni kitu kingine, na mpaka leo sijakipatia jina.

Mwenyeji wangu aliitwa Vuai, mchonga milango wa Mtaa wa Chokaa, mtu mrefu na mpole ambaye hakujibu swali bila kulifikiria kwanza. Tabia hiyo ilinichosha, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimuuliza miti imekwenda wapi, naye akatazama visiki kwa muda kana kwamba ndiyo kwanza aviona.

"Ilikatwa kwa ajili ya usalama," akasema. "Palikuwa na tawi lililomwangukia mtu."

"Akafa?"

"Alivunjika mkono. Lakini angeweza kufa, bwana mgeni. Serikali haiwezi kungoja mpaka mtu afe."

Kwa sababu hiyohiyo mto wao ulikuwa umezungushiwa ukuta, kwa kuwa mtoto aliwahi kuzama. Na kwa sababu hiyohiyo kila kisima kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli kubwa mfano wa kichwa cha mbuzi, kwa kuwa mwaka mmoja watu walikunywa maji machafu wakaharisha. Visima hufungwa kiangazi kinapoanza. Hapo katikati watu huishi kwa gari la maji la serikali, ambalo hupita linapopita na kumpa kila mwenye nyumba ndoo moja. Visima hufunguliwa baada ya sherehe inayoitwa Siku ya Kujikinga na Jua, na hata hapo si vyote.

Habari hizi nilizipata kwa Siwatu, mke wa Vuai, aliyekuwa mjumbe wa mtaa. Namkumbuka kwa kicheko chake kuliko kwa sura. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua homa, macho yamemwingia ndani, lakini ulimi haukuugua. "Shemeji," aliniambia siku ya kwanza, "ukimngoja Vuai akujibu, utaota mvi hapo ulipo. Mimi aliponiposa, baba alidhani amekuja kutazama mlango." Kisha akanimiminia maji ya kunywa, na nilipochungulia ndoo nikaona amenipa sehemu yake.

Siku hiyo nilimuuliza Vuai kwa nini anakwenda karakana kwa miguu, mwendo wote ule juani.

"Tulikuwa na baiskeli," akasema. "Baba alitunukiwa kwa utumishi wake. Alizikwa nayo."

Nilidhani ananitania, kumbe yeye si mtu wa utani. Katika Utosini tuzo ni ya mtu, si ya watu. Aliyetunukiwa huzikwa na alichotunukiwa, kiwe saa, kiwe blanketi, kiwe mbuzi. Kukichukua ni kumvua marehemu heshima yake mbele ya watu wote.

"Baiskeli mpya kabisa!" Siwatu akadakia. "Hata matairi hayajaisha. Nikipita makaburini nasikia kengele."

Tukacheka, hata Vuai, baada ya kufikiria.

Lakini habari ya kisima haikumchekesha Siwatu hata kidogo. Alinieleza hivi. Siku ya sherehe mitaa yote hupanga mistari uwanjani, kila mtaa na mjumbe wake mbele. Hakuna kuketi, hakuna kutoka mstarini, na hakuna kunywa maji mpaka Mgeni Rasmi afungue chupa ya kwanza. Mtaa ulioonyesha nidhamu hukabidhiwa ufunguo wa kisima chake, mjumbe akiupokea kwa niaba ya wote. Mtaa uliokosa nidhamu husubiri mvua. Mwaka uliopita Mtaa wa Chokaa ulikosa.

"Mzee mmoja aliketi," alisema.

"Kwa nini?"

"Alichoka." Akaifunika ndoo ya maji. "Kiangazi kile tulizika vichanga, shemeji. Watoto wa majirani hawa hawa unaowaona. Yule mzee mwenyewe hakutoka tena nje mpaka alipokufa, kwa haya. Mwaka huu ufunguo ule nitauleta hata kwa meno."

Siku chache kabla ya sherehe, Vuai alinipeleka kwenye Baraza, ambako wenye nchi walikuwa wakijadili matayarisho. Mjadala uliongozwa na Bwana Machano, Mkuu wa Itifaki, mtu mfupi, safi, mwenye leso iliyopigwa pasi. Sikuona ubaya usoni mwake, na nasisitiza hilo, kwa sababu msomaji atamtafuta mtu mbaya katika habari hii na hatampata.

Mjumbe mmoja wa Baraza alipendekeza sherehe ifanyike alfajiri, jua likiwa bado changa. Akajibiwa kwamba huwezi kumfundisha mtu kujikinga na jua ambalo halipo, kama ambavyo huwezi kumfundisha kuogelea kitandani. Baraza likapiga makofi. Mwingine akaomba wananchi nao wajengewe maturubai, kama meza kuu. Bwana Machano akamuuliza kwa upole, ikiwa wote wako kivulini, Mgeni Rasmi akifika atajulikanaje? Mjumbe akakiri hakuwa amelifikiria. Wa tatu, mama mtu mzima, akasema basi angalau watu wanywe maji wakati wa kungoja.

"Maji ni ya nani?" Bwana Machano akauliza.

"Ya wananchi," Baraza likaitika.

"Na nani huwapa wananchi maji?"

"Mgeni Rasmi!"

"Sasa mwananchi akijipa mwenyewe, mgeni atakuwa amekuja kufanya nini?"

Mama yule akakaa. Nieleze hapa kwamba Mgeni Rasmi katika Utosini ni cheo cha kudumu. Mwenye cheo huzaliwa nchini humo na kufia humo, lakini huitwa mgeni, hukaribishwa kila aendako, na hachelewi kamwe, maana kisheria sherehe huanza anapofika. Baada ya mjadala wa mchana kutwa, kilichopitishwa ni kubadilisha rangi ya utepe.

Pale Barazani alikuwepo Daktari Mwinyikai, mwenye dhamana ya elimu ya afya, ambaye hakufungua kinywa. Nilimkamata mlangoni.

"Daktari, wewe unajua jua hili linavyoua."

"Najua vizuri sana," akasema. "Yote nimeyaandika katika hotuba yangu. Utaipenda."

"Mbona hukuyasema humo ndani?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Humo ndani walikuwa wakijadili kivuli na maji. Mimi ni wa elimu. Kivuli kina idara yake."

Siku ikafika. Uwanja wa Utosini ni mkubwa na mtupu, na juu ya lango lake pameandikwa kwa herufi za kijani, MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Mimi, kwa kuwa nilitoka nchi ya nje, niliwekwa meza kuu chini ya turubai, nikapewa kiti chenye mto na chupa ya maji iliyovikwa kitambaa cha kufumwa. Kushoto kwangu palikuwa na viti vitupu vya msafara, navyo viko kivulini. Mbele yetu ilisimama mitaa. Siwatu alikuwa mbele ya Mtaa wa Chokaa, amevaa gauni zito jeusi la wajumbe, kwa kuwa jeusi ndilo vazi la heshima, na Vuai alisimama nyuma yake.

Asubuhi ikapita. Bwana Machano alikuwa akienda kwenye kipaza sauti mara kwa mara na kusema mgeni yupo njiani, subira yavuta heri, na watu walikuwa wakipiga makofi. Jua lilipofika katikati, akaona si vizuri watu wasimame bure, akamkaribisha Daktari Mwinyikai atoe hotuba.

Ilikuwa hotuba nzuri. Sijawahi kusikia mtu akilieleza jua kwa ufasaha ule. Alisema mtu anywe maji kabla kiu haijamshika. Avae nguo nyepesi, nyeupe, pana. Kazi za nje zifanywe mapema au jioni, na saa za jua kali akae kivulini. Wazee, wenye mimba, watoto wachanga na waliotoka kuugua waangaliwe na majirani. Watu waliosimama juani, na wajumbe wao wenye nguo nyeusi, wakaitikia "Kweli!" kwa sauti zilizokauka.

"Na ukimwona mwenzako," akaendelea, "jasho limemkauka ghafla, ngozi imekuwa ya moto, macho hayatulii, maneno yanamponyoka, basi huyo yu hatarini. Mtoe juani mara moja. Mmwagie maji. Usingoje."

Nilimtazama Siwatu. Uso wake uliokuwa uking'aa kwa jasho ulikuwa mkavu kama unga. Alikuwa akiyumba kidogo, na midomo inacheza bila sauti.

Nikamvuta Daktari shati alipoketi. "Yule pale. Ndiyo unayoyasema."

Akaweka mkono juu ya macho, akamtazama kwa makini. "Naam," akasema. "Huo ni mfano mzuri sana."

Nilichukua ile chupa yangu nikaruka meza. Sijui kama niliruka kweli au nilizunguka. Najua kitambaa cha kufumwa kilianguka nikakikanyaga. Nilimfikia, nikafungua chupa, nikampelekea mdomoni. Akaukaza mdomo na kuugeuza uso.

"Shemeji, kunywa."

"Rudi ukakae," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini macho yalinijua. "Usituharibie."

"Unakufa, Siwatu."

"Nimesimama. Huoni nimesimama?"

Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa ukinitazama, wanawake wenye watoto mgongoni, na katika macho yao sikuona shukrani. Niliona hofu. Waliniogopa mimi na chupa yangu. Bwana Machano alikuwa akija mbio na leso mkononi, akisema kwa sauti ya chini, "Mgeni, tafadhali, mgeni." Nikamgeukia Vuai.

"Mwambie mkeo anywe! Wewe akikusikia atakunywa. Sema!"

Vuai akanitazama. Akamtazama mkewe. Niliona akilifikiria neno langu kama alivyofikiria kila neno tangu nimjue, akilipima, akiligeuza, na mdomo wake ukaanza kufunguka. Siwatu akaanguka.

Hakuna aliyetoka mstarini. Naandika hivyo na hasira yangu haijapoa. Hata Vuai hakutoka. Alisimama, mikono imenyooka mapajani, machozi yakimtiririka. Nilipiga magoti nikammwagia Siwatu maji kichwani na kifuani, na juu yangu nikasikia wakuu wakijadiliana. Swali lilikuwa kama aliyeanguka ahesabiwe ameketi. Mmoja alisema kuketi ni nia, kuanguka si nia. Mwingine akauliza kuhusu maji niliyotumia, kwani chupa ilifunguliwa kabla ya wakati. Bwana Machano akafuta paji la uso, akaamua kwamba marufuku ni kunywa, na huyu hakunywa, amemwagiwa tu. Nidhamu ya Mtaa wa Chokaa haina doa.

Mtaa ukapumua kwa pamoja, nikausikia. Siwatu alikuwa amekwisha kuacha kupumua.

Mgeni Rasmi alifika jua likiinama, na ving'ora na utepe wa rangi mpya. Alikuwa mzee mnene mwenye uso wa huruma. Akasema kawia ufike, watu wakacheka kama inavyotakiwa, akafungua chupa ya kwanza, na umma ukanywa. Halafu akaonyeshwa Siwatu, aliyefunikwa kanga pembeni ya turubai, akaelezwa jinsi alivyosimama na jinsi alivyoikataa chupa ya mtu wa nje. Mzee yule alilia. Alilia kweli, mabega yakimtikisika, akashindwa kuzungumza. Alipoweza, alichukua ufunguo wa kisima cha Mtaa wa Chokaa kutoka kwenye sinia.

"Ufunguo huu," akasema, "kwa kawaida hutolewa kwa mjumbe kwa niaba ya mtaa. Leo sitafanya hivyo. Mama huyu asipewe kwa niaba ya mtu. Namtunuku yeye mwenyewe, uwe wake, heshima yake milele!"

Akainama, akamvisha shingoni.

Vigelegele vikapaa. Mtaa wa Chokaa walipiga makofi kuliko wote, wanawake wakikumbatiana, wakilia na kucheka kwa pamoja, ufunguo umepatikana, Siwatu ameuleta. Nilikuwa nikimtazama Vuai, naye alikuwa akipiga makofi pia. Kisha mikono yake ikaanza kwenda polepole. Yeye alikuwa wa kwanza kuelewa. Halafu mama mmoja nyuma yake akaacha, halafu mwingine, mpaka mtaa wote ukanyamaza huku mitaa mingine ikiendelea kushangilia.

Kesho yake, kabla ya mazishi, nilikwenda kwa Bwana Machano. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, macho yake mekundu. Nilimwambia ufunguo ni wa kisima, kisima ni cha watu, watu wana kiu. Nikasema neno moja la Mgeni Rasmi linaweza kutengua neno lake la jana.

"Kumvua tuzo marehemu?" akasema. "Mke wa mtu, aliyekufa vile? Wewe ungeweza?"

"Basi chongeni ufunguo mwingine."

"Kufuli la usalama halina funguo mbili, mgeni. Ingekuwa si salama." Akaikunja leso yake. "Lakini umeleta hoja nzito. Ilete Barazani mwakani."

Siwatu alizikwa jioni ile, na ufunguo shingoni. Makaburi ya Utosini yako juani kama kila kitu kingine. Nilijikuta nikitega sikio nisikie kengele ya baiskeli, nikaona aibu.

Tulipotoka makaburini sikuingia ndani. Nilikwenda karakana ya Vuai, nikachukua nyundo na patasi yake nene, nikaenda moja kwa moja kisimani. Mtaa ukanifuata, wanawake na ndoo zao, Vuai katikati yao. Nilikuwa nimekwisha kuweka patasi kwenye kufuli pale Vuai aliponishika mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Pigo moja, Vuai," nikamwambia. "Wewe unajua chuma kuliko mimi. Hili ni pigo moja tu. Watoto wa mtaa wako watakunywa usiku huu."

Akaichukua nyundo. Akaipima mkononi. Nikasogea kumpisha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilihisi kitu kama tumaini, nikamngoja afikirie, sikumharakisha. Mama mmoja aliyembeba mtoto alikuwa amekwisha kukalisha ndoo yake chini karibu na mfuniko.

"Tukilivunja," Vuai akasema mwishowe, "itakuwa tungeweza kulivunja siku zote."

Akalitazama kufuli.

"Mwaka jana pia," akasema. "Na jana asubuhi. Itakuwa mke wangu alisimama pale juani bure." Akaiweka nyundo juu ya mfuniko, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Siwezi kumfanyia hivyo, bwana mgeni. Usiniombe."

Nilimtazama mama mwenye mtoto, nikitaraji atapiga kelele, ataichukua nyundo yeye. Aliinama akaokota ndoo yake. Mwenzake akasema kwa sauti ndogo kuwa mwakani itabidi wachague mjumbe mwenye afya nzuri zaidi, atakayeweza kusimama mpaka mwisho, na wengine wakaitikia kwamba ndivyo. Mmoja akamtaja Vuai. Yeye ni mtu mtulivu, wakasema, hana haraka.

Nikapiga magoti. Kando ya bawaba palikuwa na upenyo mdogo, nikaokota kijiwe nikakitia humo. Kilichukua muda. Halafu sote tukasikia kilipoingia majini.

Wanawake walisimama kidogo wakisikiliza mpaka sauti ilipokwisha. Kisha wakajitwika ndoo zao tupu na kwenda kupanga mstari barabarani, kati ya visiki, kungoja gari la maji.